Sindano ya Mheshimiwa

Fundi aliandika makadirio ya kutengeneza ndege ya Mheshimiwa kwa mara ya nne. Redio ya kuongozea ndege, mpya. Antena, mpya, maana ya zamani imeingia maji. Waya, mita nane. Majaribio ya angani, saa moja. Hakuongeza hata senti. Angekuwa mwizi, angalau leo angekuwa na cha kupunguza.

Bosi alisoma akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi.

"Antena ipake rangi. Waya huohuo. Redio kaitoe kwenye ile ndege iliyoanguka, si ilibaki nzima? Na majaribio ya nini? Itajaribiwa ikisafiri."

"Bosi, ile redio sindano yake ya kuonyesha njia inayumba. Rubani akiwa ndani ya wingu, sindano ndiyo macho yake."

"Mheshimiwa amesema nusu bei. Na ndiye anayetia saini tubaki uwanjani hapa au tuhame. Wewe kibarua tu hapa, mwaka wa kumi na moja sasa, unamfundisha nani?"

"Basi mimi sigongi mhuri."

Bosi akacheka. Mihuri ya mafundi wote, yenye namba za leseni zao, ilikaa kwenye droo yake, eti isipotee. Akachagua mmoja, akaugonga kwenye cheti cha matengenezo. Fundi aliitazama namba yake ikikauka chini ya kazi ambayo haijafanywa. Kisha akaenda kuifunga redio ile kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu nyumbani walikuwa wanangoja kula. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Hawakufanya kazi uwanja wa ndege. Hapa anayeanguka ni rubani.

Na rubani alikuwa mdogo wa mkewe.

"Nimeuona mhuri wako, shemeji. Roho imetulia."

Fundi akamweleza yote, bila kuficha. Rubani akatazama wingu lililofunika vilima. Makarani watatu wa Mheshimiwa walikuwa wameshakaa viti vya nyuma. Mheshimiwa mwenyewe aliondoka asubuhi kwa gari, hapendi mawingu.

"Nikikataa, kuna watatu wanakimezea mate kiti hiki," rubani alisema, akifunga mkanda. "Niambie tu, inadanganya upande gani? Nikijua, nitarekebisha."

"Haina upande, shemeji. Asubuhi ilikwenda kushoto. Mchana, kulia."

Rubani akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa jibu, akawasha injini.