Herufi Mbili za Davis

Pikipiki ya mtaa wetu wa kanisa ilipanda mlima ikiwa juu ya lori la saruji, Jumamosi ya kwanza ya Desemba. Kesho yake kwenye matangazo iliitwa pikipiki mpya. Kilichokuwa kipya ni rangi. Ilikuwa ya zambarau, kama kanzu za kwaya yetu, na juu ya zambarau hiyo fundi wa rangi wa Dar es Salaam alikuwa ameandika kwa dhahabu. Kwenye tangi: ZAWADI YA BWANA DAVIS. Ubavuni kulia: DAVIS. Ubavuni kushoto: NA FAMILIA. Tena pale mbele, kwenye bomba la fremu linaloshuka kutoka shingoni hadi kwenye injini, DAVIS peke yake, herufi moja chini ya nyingine kama ngazi. Mstari wa Biblia nao ulikuwepo, nyuma, chini ya kibao cha namba, mahali ambapo tope hupiga kwanza.

Davis ni mtoto wa baba yangu mdogo. Ana duka la vifaa vya ujenzi huko Dar, na moyo wa kutoa anao, sisemi uongo. Alinipigia simu mwenyewe.

"Shikamoo kaka. Imefika?"

"Marahaba. Imefika, Mungu akubariki sana. Ila taa hazikai. Betri haichaji."

"Huku si zilikuwa zinawaka? Sasa mtaa mzima mnashindwa na betri? Kaka, nakuja Jumapili moja kabla ya Krismasi kwa ibada ya kuiweka wakfu. Nakuja na mpiga picha. Nikikuta haiwaki naipeleka mtaa wa jirani. Wale wana mafundi."

Hapo ndipo nilipoogopa. Mimi ni mwinjilisti, nina miaka hamsini na minne, na goti langu la kulia ni bovu. Mtaa wetu hauna tambarare hata ya kuweka sahani. Nyumba ya mwisho huko juu, karibu na msitu, ni ya Bibi Ndelilio, ambaye hajatoka kitandani tangu Pasaka. Aliomba kitu kimoja tu kwa kanisa, asomewe Zaburi kila wiki. Kwa goti hili nilikuwa namfikia mara moja kwa mwezi, na nikifika nahema hivi kwamba yeye ndiye aliyeniombea mimi. Isitoshe kazi yangu ni ya jioni, watu wakishatoka shambani, na jioni ukungu unashuka. Pikipiki isiyo na taa kwenye njia zetu itakuingiza kwenye migomba ya watu, ukibahatika. Usipobahatika ni korongoni.

Kwa hiyo niliwaambia wazee wa kanisa kwamba nitaitengeneza mwenyewe, nyumbani. Tangu Aprili nilikuwa nasoma masomo ya jioni ya umeme wa pikipiki kule chini mjini, Majengo, kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vipuri. Mwalimu wetu anaitwa Hilaria, na ni mdogo kuliko binti yangu Brenda. Ana adabu sana. Husema, "Shikamoo mzee, umekosea," yote kwa pumzi moja.

Wazee walifurahi. Mzee Elisifa, mwenyekiti wao, aliunda papo hapo Kamati Ndogo ya Chaji, yenye wajumbe saba. Kikao cha kwanza kilifanyika uani kwangu, kikamchagua katibu na kula machalari, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama. Kikao cha pili kilisoma muhtasari wa kikao cha kwanza, kikala machalari. Katika kikao cha tatu mjumbe mmoja aliuliza betri inakaa wapi.

Mimi wakati huo nilikuwa chini, kwenye gunia, nafanya kazi. Nilimwaga oili kwenye beseni ambalo mke wangu Aikande alinikabidhi kwa masharti, nikafungua kifuniko cha kushoto cha injini. Koili, ile inayozalisha umeme wakati injini inazunguka, ilikuwa nyeusi kama kahawa iliyosahauliwa kikaangoni. Rektifaya nayo, kile kidude chenye mapezi ya alumini kinachopokea umeme wa koili na kuutuliza ili betri iweze kuunywa, ilikuwa imepasuka. Nyaya zilikuwa zimeungwa kwa plasta ya kidonda. Nilinunua koili mpya na rektifaya mpya mjini, nikatoa nyaya zote mbovu, nikaunga mpya kwa risasi ya kuchomelea, kila kiungo nikakivalisha mpira wake. Kila waya niliuombea kwa rangi yake. Zile tatu za njano zinazotoka kwenye koili niliziombea pamoja, na wala sikuona tatizo la imani hapo.

Ukabaki waya mmoja, mweusi. Mafundi wanauita waya wa bodi, kwa sababu haufungwi kwenye kifaa, unafungwa kwenye chuma chenyewe cha pikipiki, ili umeme upate njia ya kurudi. Bolti yake iko mbele, kwenye lile bomba la fremu, katikati ya jina la Davis, kati ya V na I.

Niliutazama waya ule. Nikalitazama jina. Nikaona kichwa cha waya kitaikwaruza dhahabu ya mtu aliyetupa pikipiki. Basi nikakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, duara safi kama hostia, nikakiweka kati ya waya na jina, nikakaza taratibu. Aikande alipita na ndoo ya maziwa, akasema, "Umeitandikia hata godoro." Nilidhani ni sifa.

Nikapiga kiki. Injini ikaitika. Taa ikawaka, kamati ikapiga makofi, katibu akaandika. Kabla hajamaliza sentensi taa ikafifia ikawa kama kaa la moto, ikazimika. Mita ya kupimia umeme ilisoma volti kumi na mbili na pointi moja, ikashuka. Injini ikiunguruma inapaswa kufika kumi na nne.

Nilifungua na kufunga tena siku tatu. Jumatano nilifunga kula. Kamati haikufunga.

"Tuseme ukweli mbele za Mungu," alisema Mzee Elisifa akimenya ndizi, "hii pikipiki imetumwa."

"Imetumwa na nani, mzee? Si imetoka kwa Davis?"

"Sijasema Davis. Nimesema imetumwa. Katibu, usiandike hilo."

Mjumbe mwingine alisema shida ni rangi ya zambarau, kwa sababu ni ya Kwaresima na sasa ni Majilio, kana kwamba Majilio nayo si ya zambarau. Walipiga kura. Zambarau ilishinda kwa kura nne dhidi ya tatu, na kamati ikaazimia kuandika barua.

Walipoondoka Aikande alikuja kuchukua sahani. "Baba Brenda, yule mwalimu wako umemwuliza?"

"Bado. Nimemwuliza Mungu kwanza."

"Na Mungu alikupeleka Majengo tangu Aprili ukafanye nini?"

Alhamisi nilishuka darasani na daftari langu. Nilimweleza Mwalimu Hilaria yote. Alinisikiliza vizuri.

"Koili umeipima?"

"Nimeipima. Nyaya tatu za njano zinasoma sawasawa."

"Rektifaya ni mpya. Fyuzi?"

"Nzima."

"Waya wa bodi umeufunga wapi?"

"Kwenye fremu, mwalimu. Juu ya mpira."

Kijana wa nyuma akasema, "Juu ya nini?"

"Mpira wa ndani wa tairi. Nimeukata vizuri kabisa."

"Mzee wangu," alisema Hilaria polepole, "mpira ndio tunaovalisha nyaya ili umeme usipite."

"Nafahamu."

"Na chini ya mpira kuna nini?"

"Rangi. Na jina la mfadhili."

"Hebu nisomee daftari lako. Somo la nne."

Nilisoma kwa sauti. Ilikuwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nilikuwa nimepigia mstari mara mbili: Kabla ya kufunga waya wa bodi, kwangua rangi yote mpaka chuma king'ae.

"Sasa kwa nini hukukwangua?"

"Mwalimu, ningemkwanguaje Davis?"

Walicheka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. Hilaria hakucheka, Mungu amlipe. Alisema tu, "Shikamoo mzee. Kamkwangue."

Usiku ule nililala vibaya. Nikiacha jina, taa haitawaka na pikipiki itakwenda kwa jirani. Nikikwangua jina, itawaka, na Davis akiona ataichukua kwa hasira aipeleke kwa jirani ikiwa inawaka. Asubuhi nilipiga magoti, lile zima na lile bovu, nikasema, "Bwana, jina ni lake, goti ni langu, na Bibi Ndelilio ni wako. Nisaidie kuchagua." Niliposimama goti lilitoa mlio. Nilichukua huo kuwa jibu, nikatafuta msasa.

V ilitoka upesi. I ilikuwa ngumu kidogo. Chuma kiling'aa, nikafunga waya mweusi moja kwa moja juu yake, nikapiga kiki. Mita ikapanda kumi na tatu, ikapanda tena, ikasimama kumi na nne na pointi moja kama mtu aliyefika kwake. Aikande alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ni Roho Mtakatifu au ni msasa?"

"Mama Brenda, usinigombanishe."

Ilibaki Davis. Na hapa lazima nikiri. Sisi Wachagga tuna sale, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la ukoo. Ukimkosea mtu ukampelekea jani la sale, hana ruhusa ya kukukatalia msamaha. Kwaresima iliyopita nilihubiri dakika arobaini nikipinga mambo hayo ya wazee wetu, na Mzee Elisifa akaitikia amina mara tatu. Jumamosi jioni nilikwenda mpakani na kisu, nikitazama kushoto na kulia. Kwenye kona ya kihamba nilimkuta Mzee Elisifa, naye ana kisu, na jani tayari liko kwapani.

"Ni kwa ajili ya ndugu yangu," alisema. "Mambo ya Krismasi."

"Hata mimi," nikasema. Hatukuhubiriana.

Jumapili Davis alifika amevaa suti ya rangi ya maziwa. Baada ya ibada watu wote walitoka nje kuizunguka pikipiki. Mchungaji aliomba, akaiweka wakfu. Nikapiga kiki, taa ikawaka nyeupe, ikakaa, akina mama wakapiga vigelegele na katibu wa kamati akainua mkono kama aliyeifunga yeye. Mpiga picha alimwambia Davis achuchumae mbele, usawa wa jina lake. Akachuchumaa. Akakaa hapo muda mrefu kuliko picha inavyohitaji.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "hapa paliandikwa Davis."

"Paliandikwa."

"Sasa hapa ni DA, halafu chuma, halafu S."

"Waya wa bodi haushiki juu ya rangi, mdogo wangu. Nilijaribu kukuhifadhi, taa zikazimika."

"Si ungenipigia simu?"

"Ungekubali?"

Uso ulikuwa umemvimba, na watu wote walikuwa wameacha kula miwa waliyogawiwa baada ya ibada. Ndipo nikatoa jani la sale ndani ya Biblia yangu, nikamnyooshea kwa mikono miwili. Mchungaji, ambaye ni mzaliwa wa huku huku, aligeuka akaanza kutazama kilele cha Kibo, ingawa kulikuwa na mawingu. Mama yake Davis, kutoka kwenye kiti chake, alisema neno moja tu:

"Pokea."

Davis akapokea. Alilishika jani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Kisha akasema, "Tukilipaka jina tena juu ya waya?"

"Rangi itapenya. Taa zitakufa."

Alifikiri. Akalifunga jani kwenye lile bomba, pale penye chuma, akarekebisha suti, akachuchumaa tena. "Piga," akamwambia mpiga picha, "kabla halijanyauka."

Jumatatu jioni nilipanda kwa Bibi Ndelilio. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, na taa iliukata mbele yangu kona kwa kona. Jani lilidondoka njiani, sikujua wapi. Nilifika sihemi. Bibi alikuwa ameshaona mwanga ukutani kwake kabla sijabisha hodi.

"Umepandishwa na nani, mwanangu?"

"Nimekuja mwenyewe, mama. Na pikipiki."

"Ya nani?"

Nilitazama nje, ilipokuwa imeegeshwa kwenye mgomba, chuma chake kiking'aa kati ya dhahabu.

"Ya mtaa," nikasema, nikafungua Zaburi.