Walimu Wasiogusa Sakafu

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumanne, Wasila Gargouri aliandika upande wa kulia wa ubao "gharama zisizobadilika", na upande wa kushoto "gharama zinazobadilika", akapiga mstari katikati. Kisha akausukuma ukuta kwa kiganja, akarudi nyuma taratibu hewani ili wanafunzi wa mwisho wapate kuona.

"Kodi ya jengo hili," alisema, "mje msije, iko pale pale. Hiyo haibadiliki. Wino wa mashine ya kuchapia je?"

"Unategemea mitihani, Mwalimu," alijibu mmoja.

"Basi huo unabadilika. Andikeni."

Wakaandika. Wasila alikuwa shubiri moja juu ya sakafu, kama alivyokuwa kwa miaka tisa tangu aanze kufundisha Utangulizi wa Biashara katika chuo kile cha binafsi, kilomita nne barabara ya Gremda, mjini Sfax. Shubiri moja ndicho kimo cha mkataba wa miezi mitatu. Kupanda juu ya kimo chako unaweza ukijisukuma; kushuka chini yake huwezi. Mwenye mkataba wa mwaka huelea vidole vinne, anayelipwa kwa saa hufika usawa wa kifua, na vijana wa pikipiki wanaopeleka chakula kwa walioagiza kwa simu hupita usawa wa madirisha ya ghorofa ya kwanza, matairi yao yakiwa mapya mwaka mzima. Wenye mikataba ya kudumu hukanyaga chini. Wachache hao hutambulikana kwa mlio wa visigino, na watu huwapisha.

Wasila hakuwa mtu wa kulalama. Jozi moja ya viatu ilimtosha miaka minne. Mvua za Oktoba zilipoifurisha barabara ya Gremda, yeye alifika kazini na soksi kavu huku mkurugenzi akiwa amekunja suruali. Harusini aliitwa kutundika taa, naye akazitundika huku akipiga vigelegele. Aliyenung'unika ni mama yake, Bi Mongia.

"Zulia nimelifua kwa mikono yangu miwili," alimwambia. "Hata hulikanyagi! Nimemfulia nani, mwanangu, paka?"

"Wewe unalikanyaga, mama."

"Mimi nalijua. Nataka likanyagwe na mtu mwingine."

Zilikuwako pia zile siku mbili tatu kila baada ya miezi mitatu, mkataba wa zamani ukiwa umekwisha na mpya haujatiwa saini. Siku hizo Wasila alipanda hadi dari la sebule, akakaa huko akisahihisha madaftari. Bi Mongia alimpelekea bakuli la mchuzi wa mlukhia juu ya ncha ya ufagio. Wakati mwingine ilimwagika, na wote wawili wakacheka mpaka mama akakaa chini.

Ila usingizini Wasila aliota kitu kimoja tu. Hakuota mume, wala nyumba, wala safari. Aliota vigae, vigae vya kawaida vya chuoni, vyeupe vyenye madoa meusi, na ubaridi wake ukiingia kwenye nyayo.

Jumatano mkurugenzi, Bwana Kamun, au Si Kamun kama wanavyosema kwao, aliwaita walimu wote ofisini. Pamoja naye walikuwa kumi na wanne. Watatu walisimama: Si Kamun, mpwa wake aliyeshika masjala na kufundisha kompyuta mara moja kwa wiki, na Mzee Tijani wa sheria, aliyeajiriwa zamani kabla mambo hayajawa hivi. Kumi na mmoja waliosalia walijipanga kando ya kabati, kila mmoja ameshika kitu ili asielekee dirishani.

"Alhamisi ijayo inakuja tume kutoka Tunis," alisema Si Kamun. "Sheria inasema nusu ya walimu wawe wamesimama sakafuni. Nusu ya kumi na wanne ni ngapi, Lutfi?"

"Saba, Si Kamun."

"Sisi tuko watatu. Kwa hiyo wanne kati yenu mtasimama siku hiyo. Nimeshawaagizia viatu."

"Na siku ya Ijumaa?" aliuliza Lutfi.

"Ijumaa ni siku nyingine." Si Kamun alizungusha pete yake kidoleni. "Lakini sikilizeni, mimi si mchoyo. Tume ikitupitisha, nitampa mmoja wenu mkataba wa kudumu. Wasila atafundisha somo mbele yao, na Lutfi atafundisha baada yake. Atakayewapendeza zaidi ndiye huyo."

Lutfi alikuwa mwalimu wa masoko, baba wa mapacha, na rafiki wa Wasila wa miaka saba. Walipotoka nje walielea bega kwa bega ukumbini mpaka mlangoni.

"Nitakushinda," alisema Lutfi.

"Wewe? Sauti yako inalaza watu!"

"Wanasinzia kwa kuridhika, bibi wewe."

"Ukipata, utafanya nini?"

Lutfi alifikiri. "Nitawabeba wanangu mabegani bila mama yao kushika kamba. Na wewe?"

"Nitasimama tu," alisema Wasila. "Nitasimama hapo nisifanye lolote."

Viatu vilishonwa na Ami Shadli, fundi wa mji wa kale, karibu na lango la kusini. Soli zake zilikuwa za risasi, ile ya kuzamishia nyavu, nayo aliiyeyusha mwenyewe. Alimpima Wasila mguu kwa uzi bila kuinua macho.

"Chuo?" aliuliza.

"Chuo, Ami."

"Nyinyi ni wa nne mwezi huu. Wiki iliyopita ilikuwa zahanati, jozi ishirini na mbili. Wauguzi wana miguu midogo, nashukuru, risasi imepanda bei." Akakata uzi kwa meno. "Vitakuuma hapa, kwenye kifundo. Usikimbie navyo. Na usivivue ghafla, utajigonga kichwa darini."

Alhamisi ilipofika, Wasila alivivaa ofisini kwa mpwa wa mkurugenzi, akashuka. Alishuka polepole kama mtu anayeingia majini, kisha akagusa. Alipiga hatua moja, kigae kikalia kooo, akapiga nyingine. Risasi ilimuuma pale pale Ami Shadli aliposema, lakini uzito wa mwili wake mwenyewe ulimpanda kutoka nyayo hadi kiunoni, mtamu kama usingizi wa mchana. Alitembea kutoka ofisini hadi darasani, hatua arobaini na moja, na kila aliyekuwa ukumbini alimpisha.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Kiongozi wao alikuwa Bi Munira Zwari, mama wa makamo aliyevaa koti refu la kijivu lililofika chini kabisa ingawa joto lilikuwa kali. Walikaa nyuma, na fomu zao mapajani. Si Kamun alisimama mlangoni akitabasamu kwa meno yote.

Somo la siku hiyo lilikuwa sura ya mwisho, "Mielekeo ya Ajira ya Kisasa". Wasila alisoma kitabuni: "Kampuni ya kisasa ni nyepesi. Hupunguza vitu vizito kama maghala, magari na wafanyakazi wa kudumu, ili iweze kugeuka haraka soko linapogeuka." Akaeleza kazi za nyumbani kwa mtandao, kazi za kugawana, kazi za oda moja moja. Akachora tena ule ubao wenye mstari katikati, akawaita wanafunzi mmoja mmoja waje kuweka mifano. Umeme ukaenda kushoto. Bima ikaenda kulia. Darasa lilichangamka. Mmoja aliiweka chai ya mkurugenzi kulia, kwa sababu haijawahi kukosekana, na hata wajumbe wa tume wakacheka.

Ndipo Ishraqi akainua mkono. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mfungashaji katika kiwanda cha mafuta ya zeituni, na kwa kuwa msimu wa mavuno ulikuwa umeanza, na wafungashaji hulipwa kwa siku, alikuwa ameelea hadi usawa wa meza, mkoba wake umefungwa kwenye kiti.

"Mwalimu, nimeelewa yote. Ila nikuulize. Wewe mwenyewe tukuweke upande gani?"

Meno ya Si Kamun yalifichika.

Wasila aliitazama chaki. Jibu la kumpatia mkataba alikuwa nalo: mwalimu ni mali ya kudumu ya chuo. Maneno saba, na angelisimama maisha yake yote. Aliyafikiria yale maneno vizuri, kwa haki kabisa. Kisha akamtazama Ishraqi, aliyekuwa ameshika kalamu tayari kuandika lolote atakaloambiwa, na kwenda kulirudia kwenye mtihani, na kuliamini.

"Subiri kidogo," alisema.

Akainama, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, kisha cha kulia. Alikumbuka kutovivua ghafla, akashika ukingo wa ubao. Akapanda shubiri moja, akatulia. Viatu vilibaki chini, ncha zake zikielekea wanafunzi.

"Mnaona," alisema, "mimi ni kushoto. Andikeni: mshahara wa mwalimu wa mkataba, gharama inayobadilika. Lutfi pia. Mkijibu vingine kwenye mtihani nitakata alama."

Waliandika. Ishraqi aliuliza kama aandike na kimo, Wasila akamwambia si lazima.

Bi Munira Zwari alinyanyua mkono wake kutoka mapajani. "Mwalimu, samahani. Sisi tunaolipwa kwa kila ripoti tunayoandika tuko upande gani?"

"Mnaandika ripoti ngapi kwa mwaka?"

"Wanazoniletea. Mwaka jana tisa. Mwaka juzi mbili."

"Kushoto, bibi."

"Nilidhani hivyo," alisema Bi Munira, akaandika. Alipoinamia fomu, pindo la koti lilipanda kidogo, na wote wakaona viatu vyake vidogo vyeusi vikining'inia hewani, na kamba aliyoizungushia mguu wa kiti. Wenzake wawili walikuwa na kamba vilevile. Si Kamun peke yake ndiye aliyekuwa amesimama katika chumba kile, na kwa mara ya kwanza alionekana mfupi.

Lutfi alifundisha baada yake. Alivua viatu kabla hajasalimia, akafundisha vizuri, na hakuna aliyesinzia.

Walipomaliza, Si Kamun alimvuta Wasila pembeni kwa ncha ya mkono wa gauni. "Umeniua," alisema. "Umeniua, umenizika, umenisomea Fatiha!"

"Wameniuliza, Si Kamun."

"Hukuweza kukohoa?"

Lakini matokeo yalipokuja baada ya wiki mbili, chuo kilikuwa kimepita. Fomu ya tume haikuwa na mahali pa kuandika walimu waliosimama. Ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "idadi ya viatu vilivyogusa sakafu, gawanya kwa mbili", na Bi Munira, mtu mwaminifu, alihesabu viatu vyote alivyoviona chini, vyenye watu na visivyo na watu. Vilikuwa kumi na vinne, na nusu yake ilikuwa saba. Mwishoni aliongeza kwa mkono wake: "Mifano ya darasani iko hai. Wepesi wa chuo hiki ni wa kuigwa."

Si Kamun alinunua baklawa kwa ajili ya chuo kizima, akambusu Lutfi mashavuni mara nne. Wasila alisubiri mpaka sahani ikawa tupu.

"Na ule mkataba wa kudumu, Si Kamun?"

Mkurugenzi alimtazama kwa upole wa kweli kabisa. "Ungekuwa wa nini sasa, mwanangu? Cheti kinasema tunao saba waliosimama. Nikiongeza mmoja watakuwa wanane. Wataniuliza wa nane nimemtoa wapi."

Wasila alitafuta kosa katika hesabu hiyo, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuliona. Lutfi naye alijaribu, akashindwa. Walitazamana, na Lutfi ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akapinduka, miguu juu, na Wasila ikambidi amvute kwa ukanda. Jioni ile alimweleza mama yake. Bi Mongia akaenda kuukagua ufagio kama mpini wake bado imara.

Mwezi uliofuata mikataba mipya ililetwa. Cheti kilikuwa kimewavutia wanafunzi wengi, na soko, kama kitabu kilivyosema, lilikuwa likigeuka haraka, kwa hiyo sasa mikataba ilikuwa ya mwezi mmoja mmoja. Wasila alitia saini. Kufikia mchana alikuwa dhiraa moja na nusu juu ya sakafu, akiandika sehemu ya juu ya ubao ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuifikia, na wanafunzi wa nyuma walimshukuru kwa kuwa sasa waliona kila neno.

Ijumaa, baada ya vipindi, Si Kamun alitoka nje akiwa amekumbatia bango la kitambaa, kijani na jeupe, urefu wa mita sita: CHUO KILICHOTHIBITISHWA. Lilitakiwa kutundikwa juu ya mlango mkuu, chini ya paa. Ngazi haikuwepo. Akatazama juu, akawatazama walimu wake.

"Wanangu," alisema.

Wasila akashika pembe moja, Lutfi pembe nyingine, wakapanda. Upepo mwanana ulikuwa ukitoka baharini, na harufu ya zeituni zilizokamuliwa ilijaa mtaa mzima. Kutoka pale Wasila aliiona barabara ya Gremda yote mpaka kituo cha teksi, na watu wakirudi makwao kutoka kazini, kila mmoja kwa kimo chake: wauguzi wa zahanati wakiwa wamevua viatu na kuvining'iniza shingoni, walinzi, wauza nguo wa madukani, wasichana wa kituo cha kupokea simu za Wafaransa wakipita kundi zima juu ya michungwa, wakipiga soga na kumenya mbegu za maboga. Huku chini, kwa nafasi kubwa, mtu mmoja mmoja alikuwa akitembea kwa miguu.

Ishraqi alijisukuma juu, akapita usawa wao, mkoba kwapani. "Mwalimu! Nimepata kumi na saba kati ya ishirini!"

"Najua, nimesahihisha mimi! Zile tatu ulizikosa kwa uvivu!"

"Msalimie mama!"

Lutfi alifunga fundo upande wake, akanyoosha shingo kutazama kama bango limelala sawa. Wasila alifunga la kwake. Chini, Si Kamun alikuwa amerudi nyuma hatua tatu, visigino vikilia, mkono ukiwa umekinga macho dhidi ya jua.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana, wanangu. Lakini pandeni. Juu kidogo."