Pingu Moja

Kituo kipya cha polisi kilikuwa kizuri mno kwa kijiji kile. Wafadhili walikuwa wamekijenga kwa matofali ya kuchoma na bati la buluu, wakaweka na gari jeupe ambalo viti vyake bado vilikuwa na nailoni. Vita vilikwisha miaka mingi nyuma, lakini jimbo lao la Lofa lilikuwa bado linafunguliwa vitu. Siku hiyo kilikuwa kinafunguliwa kituo.

Finda hakuja kwa ufunguzi. Alikuja kwa sababu Keifa, kijana aliyemuua Fayiah, mwana wa Finda, juzi kwa mchi wa kutwangia mpunga, alikuwa amefungwa pingu kwenye mlingoti wa bendera nje ya kituo. Vijana hao wawili waligombania zamu ya kuchaji simu. Sheria inasema mtuhumiwa afikishwe mbele ya hakimu ndani ya siku mbili, la sivyo aachiwe, na muda ule ulikuwa unakwisha jioni hiyo, saa kumi.

"Afande, mpelekeni mjini," Finda alimwambia Komanda Flomo. "Gari si hilo hapo?"

"Mama Finda, mafuta yaliyomo ni ya kuwapokea wageni. Yakiisha, tutalisukuma mbele yao?"

"Basi mtieni selo, nikamlete hakimu huku."

"Selo imepakwa rangi jana. Wanataka kuiona tupu na safi." Flomo alishusha sauti. "Na askari ninao wawili tu, wote leo ni wa gwaride. Tafuta pikipiki, umpeleke mwenyewe."

"Akitoroka?"

Flomo alifikiri, kisha akafanya alichokiona kuwa ni akili. Alimfungua Keifa pingu ya mkono mmoja, akaifunga kwenye mkono wa Finda. Pingu zilikuwa mpya, zinang'aa. Ufunguo akautia mfukoni mwa sare.

"Hapo hatoroki," alisema, akaenda kupanga mstari wake.

Finda aliutazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Hakuwa amelia tangu juzi. Watu walimwona jasiri, na wengine wakamsema kwamba hana moyo, lakini ukweli ni kwamba hakuwa akisikia kitu chochote, si njaa, si hasira.

Sekou mwenye pikipiki aliwazunguka mara mbili kabla ya kuwasha.

"Nimebeba mbuzi, nimebeba jeneza, nimebeba bibi harusi na mto wake," alisema. "Hii kali. Haya, kijana kati, mama nyuma."

Barabara ilikuwa mashimo matupu. Kila walipotumbukia, mnyororo wa pingu ulivuta, na Finda alikuwa ananing'inia nyuma huku mkono wake umefuata wa Keifa. Mtoto huyu alikula kwake kisamvu na wali tangu hajaota meno ya pili. Yeye na Fayiah walikuwa wakigombania ukoko.

"Mama, nishike kiunoni," Keifa alisema bila kugeuka. "Utaanguka."

"Nyamaza."

Finda hakumshika.

Njiani walipishana na magari meupe ya wageni, yamefunga vioo. La mwisho lilikuwa na mwananchi mwenzao aliyevaa suti nyeusi. Vumbi liliwafunika wote watatu. Mzungu mmoja aliwapungia mkono, na Sekou, kwa adabu zake, akapunga pia.

Mahakamani walimkuta karani peke yake, anakula karanga.

"Hakimu yuko wapi?" Finda aliuliza.

"Hamkupishana? Amekwenda kwenu, kufungua kituo. Ndiye mgeni rasmi wa serikali."

Walikaa kwenye benchi. Keifa aliomba maji, na Finda akanunua mfuko mmoja wa maji, akaung'ata pembe, akampa anywe, kisha akanywa yeye yaliyobaki. Alifanya hivyo kwa sababu koo lilikuwa kavu na mifuko miwili ingehitaji mikono mingi kuliko waliyokuwa nayo.

Saa kumi ikafika. Karani alijifuta vidole.

"Mama, mimi sina la kufanya. Sheria ndiyo sheria. Kijana, uko huru."

Keifa aliinuka, na Finda akainuliwa naye. Karani aliona pingu, akatafuta ufunguo kwenye droo yake, akatikisa kichwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Flomo, na Flomo wakati huo alikuwa anapigiwa makofi.

"Umemuua mwanangu," Finda alisema. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia juu ya jambo lile.

"Ndiyo, Mama."

Alingoja uchungu uje. Haukuja.

"Tunarudi?" Sekou aliuliza mlangoni. "Jua linakwenda."

Walipanda kama walivyokuja. Pikipiki ilipofika kwenye shimo la kwanza, Finda alimshika Keifa kiunoni kabla ya kuambiwa.