Kumi na Moja ya Hesabu

Mwalimu mkuu aliponipigia simu kuniomba nimtafutie alama za Mlingoti, nilicheka kwanza. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Majina nimesahau, sura nimesahau, lakini mtoto aliyepata kumi na moja katika mia hasahauliki. Tena mwenyewe alikuwa akilitangaza jambo hilo redioni. Alipoulizwa kwa nini alivaa jezi namba kumi na moja miaka yote aliyocheza mpira wa kikapu wa kulipwa, alijibu kwamba ndiyo alama aliyompa mwalimu wake wa hesabu. Watu walicheka, nami sebuleni kwangu nikacheka nao, nikijiona mtu maarufu.

Shule ilikuwa inatimiza miaka hamsini na Mlingoti ndiye mgeni rasmi. Wachezaji watatu wa kulipwa wametoka pale, na mwalimu mkuu alitaka alama zao za sekondari ziandikwe kwenye bango kubwa ukumbini, ili watoto wajue kwamba kufeli si kufa. Wawili wa kwanza alama zao zilikuwa za kawaida, hazichekeshi wala hazilizi. Utamu ulikuwa kwa Mlingoti.

Basi nikaenda masjala. Karani alinifungulia kabati la chuma, akanitolea daftari kuu, zito kama tofali. Zamani sisi walimu hatukuliona daftari hilo. Kila mmoja aliandika alama za somo lake kwenye karatasi, akampa karani, naye akazinakili na kulifungia. Nilipolifungua likanijia vumbi la chaki, nikaukumbuka ule mdundo wa mpira kwenye saruji alasiri, ukiingia madirishani wakati nasahihisha. Goli halikuwa na wavu. Nilizipenda siku zile, sitaficha. Nilikuwa kijana, suruali imenyooka pasi, na darasa likinyamaza nikikohoa tu.

Nilimpata Mlingoti ukurasa wa tisa. Hesabu kumi na moja, fizikia kumi na tisa, kemia kumi na nne. Nikatabasamu. Kisha jicho likateremka: historia themanini na moja, Kiswahili sabini na tisa, biolojia sabini na mbili. Nikadhani karani wa zamani alikosea mstari. Nikafungua mwaka uliofuata, ikawa vilevile.

Mwalimu wa historia alikuwa akifundisha huku anatembea, anasoma kwa sauti, watoto wanaandika. Wa biolojia hivyohivyo. Sisi wa hesabu, fizikia na kemia tulikuwa watu wa ubao.

Nikaendelea kufunua. Muhula mmoja tu, kidato cha tatu, Mlingoti alikuwa na sitini na nane ya hesabu. Karatasi yangu ya muhula ule karani alikuwa ameibana hapohapo ukurasani, na pembeni ya alama hiyo palikuwa na neno moja, herufi zimelala ovyo: "Ameibia." Mwandiko ulikuwa wangu, wa mkono wa kushoto. Ndio muhula nilioanguka na baiskeli nikavunjika mkono wa kulia, nikafundisha kwa mdomo tu, wiki kumi bila kushika chaki. Hata mtihani, ambao siku zote niliuandika ubaoni, muhula ule ulikuwa wa karatasi, uko chini ya pua yake.

Nilikaa chini. Karani aliniuliza kama nataka maji.

Mpango wa kuwaketisha kwa kimo ulikuwa wangu. Siku ya kwanza ya mwaka niliwasimamisha ukutani, nikawapima kwa ile rula ndefu ya mbao: wafupi mbele, warefu nyuma, asizibwe mtu. Shule nzima ikauiga, nami nikavimba kichwa. Mlingoti alikaa dawati la mwisho miaka minne, mgongo ukutani, magoti yamekwama chini ya meza. Uwanjani hakurusha mpira akiwa mbali. Alisogea mpaka chini ya goli, la sivyo alimpa mwenzake, nasi tukamsifu kwa ukarimu. Alipokwenda kucheza nje akaanza kufunga kutoka mbali, tukasema huko wamemfunza. Yule mtoto hakuwa anaona.

Na si alama tu. Nilimwita mama yake, mshonaji, akaja na futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Nikamwambia mbele ya walimu wenzangu kwamba Mungu akiongeza urefu hupunguza kwingine, kichwani hamna kitu, amwache mtoto acheze mpira. Nilidhani namfanyia hisani.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mwingine aliyekumbuka nilivunjika mkono muhula gani. Siku tatu nilibishana na nafsi yangu, nikisema yaliyopita si ndwele, mtu ametajirika, ana furaha, ya nini kufukua. Lakini bango lilikuwa linaandikwa, na kumi na moja yangu juu yake. Nilitaka anisamehe, na niliogopa kwamba hatanisamehe.

Siku ya sherehe nilimvuta Mlingoti masjala kabla hajaingia ukumbini. Aliinama mlangoni, amevaa miwani mizito, akaniamkia kwa adabu ileile. Sikuzunguka. Nilimfungulia daftari, nikamwonyesha mistari, nikamsomea lile neno langu la pembeni. Nikamwambia mimi ndiye niliyemkalisha nyuma.

Aliupitishia kidole ukurasa. Kisha akaniambia kwamba alijua. Alipofika kwenye timu yake ya kwanza, daktari alimpima macho, akamvisha lenzi. Alipotoka nje akaona jani moja moja kwenye mti, akasimama barabarani kama mjinga. Utotoni alidhani kila mtu anaona ukungu, ila wenzake wana akili ya kuusoma.

"Mbona hukunipigia?" nikamuuliza.

"Ningekwambia nini, mwalimu? Ulikuwa unanipenda. Mimi nilishamaliza na wewe zamani." Akalifunga daftari taratibu. "Ila mama bado. Mpaka leo anawaambia wageni mwanawe hakujaliwa kichwa. Nikimweleza habari ya macho anasema namsingizia mwalimu. Neno lako halifutwi na mimi. Kalifute wewe."

Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Ukumbini bango lilikuwa limeshatundikwa, watu wanalielekezea vidole na kucheka. Mama yake alikuwa kiti cha mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mkoba magotini. Akataka kuinuka kuniheshimu. Nikamshika bega, nikachuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

Nikamwambia yote, tangu rula mpaka mkono uliovunjika. Nikamwambia, "Mama, siku ile nilikosea. Mtoto wako alikuwa na akili. Hakuwa anaona ubao, na mimi ndiye niliyemweka mbali nao."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hesabu alikuwa anaziweza. Nikajibu kwamba alikuwa anaziweza vizuri, na muhula alioonyesha hivyo kwa alama nilimwita mwizi.

Mlingoti alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama akamtazama, kisha akanirudia mimi.

"Mwalimu, kila ripoti ilipokuja nilimchapa," akasema. "Kila muhula. Nikamwita mvivu, naye hakusema kitu. Fimbo zile sasa nizirudishe wapi?"



Akamshika mwanawe mkono, akamvuta mpaka yule mtu wa miaka arobaini na mitatu akapiga magoti sakafuni na suti yake. Akaanza kumpapasa mgongo, polepole, toka mabegani kwenda chini, mahali kwa mahali. Kipaza sauti kilimwita mgeni rasmi mara mbili. Hakwenda.