Mwizi wa Pili

Mimi ni fundi cherehani, na wateja wasumbufu nawajua, ila wote hawamfikii mke wangu. Alitaka vifuko vya kuvaa shingoni. Nikashona vya turubai, akavikataa. "Kitambaa chembamba, baba watoto, mawimbi yapite!" Nikafumua nikanuna, nikashona upya.

Vifuko vilikuwa vya kubebea vifaa vyake, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni. Vinapokezana ujumbe bila mnara wowote. Kimoja kikitaka kufikisha neno mbali, kinawauliza majirani: nani anajua njia? Anayewahi kujibu ndiye anayepewa mzigo. Wabebaji wanatembea, kwa hiyo njia zinakatika na kuungwa upya muda wote. Balaa ni kifaa kiongo, kinachowahi kusema "njia ninayo!" halafu kinameza kila kinachopewa. Mke wangu amezeeka na programu ya kumnasa mwizi wa aina hiyo.

Siku ya mtihani wake wa uzamivu, ndugu zake wote walijitolea kuwa wabebaji. Mtahini, mzee mkavu mwenye miwani minene, alikitia uongo kifaa kimoja kwa siri. Sharti lake: mwizi akamatwe, na asisingiziwe mtu. Akisingiziwa hata mmoja, mke wangu anarudi mwakani. Usiku wa kuamkia mtihani aliniambia kwamba mwakani hana nguvu tena, angeacha.

Tukasambaa jengo zima. Mimi nilipangiwa korido ya juu, shemeji akapewa ngazi, mama mkwe akawekwa kwenye benchi la mapokezi kwa sababu ya magoti yake. Baadaye tukaitwa ukumbini. Kwenye skrini kulikuwa na alama mbili nyekundu: programu imenasa wezi wawili.

"Namba nne ni huyo wangu," mtahini alisema. "Namba saba je?"

"Naye ni mwizi," mke wangu akajibu.

"Mimi nimeweka mmoja tu."

Namba saba alikuwa mama mkwe. Watu wote wakamgeukia.

"Bado unaweza kuifuta," mtahini alimwambia, na nadhani alikuwa anamhurumia. "Matokeo hayajaandikwa."

Mke wangu alimtazama mama yake. "Siifuti. Ujumbe unaelekezwa pale na hautokei kokote."

"Basi kikaguliwe."

Mke wangu akanigeukia mimi. Mimi, jamani! Nikamkague mama mkwe mbele za watu?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si tumeamkiana asubuhi, mkwe wangu?"

"Ndiyo, mama. Naomba… kile kifaa."

Akafungua mkoba. Kwanza kikatoka kifuko changu, ndani yake miwani yake ya kusomea. Kisha likatoka kopo la bati la biskuti, kifuniko kimekaza barabara, na kifaa kimelala ndani kwenye leso.

"Mlisema ni cha gharama," alieleza. "Kifuko chako kizuri, usinune, lakini si nguo tu hiyo? Nikisukumwa je?"

"Umelifunga tangu asubuhi, mama?" mke wangu aliuliza.

"Aa, nilikuwa nachungulia. Nikiona taa yake inawaka, nafunga tena."

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Kopo kila lilipofunguliwa, kifaa kilisikia majirani wakiuliza, kikajibu upesi kwamba njia kinayo. Kifuniko kikirudi, bati linaziba mawimbi, na ujumbe wote uliotumwa kwake unapotea. Kwa majirani, huyo na mwizi ni kitu kimoja.

Mtahini alilifunga kopo akaangalia skrini, akalifungua, akalifunga. Akarudia tena, na naapa safari hiyo alikuwa anacheza. Kisha yule mzee mkavu akaangua kicheko hadi miwani ikamteleza puani.

"Wizi huu sijawahi kuufikiria," alisema. "Hongera, Daktari."

Machozi yakanitoka, sioni haya kusema. Lakini mama mkwe alikuwa hacheki.

"Hebu ngoja," alimwambia binti yake. "Mtambo wako umenikamata mimi, mama yako mzazi. Umeambiwa ufute, ukakataa?"

"Nilikataa, mama." Sauti ilikuwa ya mtoto aliyevunja sahani.

Mama mkwe akasimama, na magoti yake hayo, akalichukua kopo lake, akamkumbatia binti yake nalo mkononi. Akaugeukia ukumbi juu ya bega la binti yake.

"Mmemwona?" alisema. "Huyu nimemzaa mimi."