Nyota Tatu za Bi Robo

Nyota tatu. Nilizitazama nikiwa nimesimama kwenye korido ya shule, vumbi la chaki bado vidoleni. Nikazima simu, nikaiwasha tena, kana kwamba ya nne na ya tano zilikuwa zimechelewa tu njiani.

Siku zile sikuwa mtu wa kutulia. Kulikuwa na tovuti ya walimu: ukijaza dodoso unapata pointi, ukipakia video ya somo lako unapata pointi, na wenzako wakiipa nyota tano, pointi zinaongezeka maradufu. Pointi nazo zinageuka punguzo. Wengine walisaka punguzo la viatu na vitabu. Mimi nilisaka kifaa cha kusikia, ambacho mwalimu aliyefika daraja la dhahabu kabla ya mwezi kwisha angekipata kwa nusu bei. Masikio ya binti yangu yalikuwa yakififia, na mshahara wangu ulikuwa ukifika nyumbani hoi bin taabani. Basi nilijaza madodoso kwenye foleni, mezani, hata msalani.

"Mume wangu," mke wangu alisema siku moja, "sasa hata kutafuna unatafuna mbio."

Mpango wa nyota aliuleta mwalimu wa jiografia, bingwa wa kununua vya bei chee, ambaye sote tulimwita Kuponi. Alisimama katikati ya ofisi ya walimu na kikombe chake cha chai.

"Jamani, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mimi nakupa tano, wewe unanipa tano. Nani anaumia?"

Hakuna aliyeumia. Ila Kuponi alisahau kwamba sisi ni walimu, na mkono uliozoea kalamu nyekundu hauna adabu. Mwalimu wa historia alimpa rafiki yake wa chanda na pete nyota nne, eti asije akabweteka. Kuponi mwenyewe, mwenye mpango, aliandika chini ya video ya jirani yake: "Vizuri, lakini jitahidi zaidi." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mimi nilicheka kuliko wote, maana zangu zote zilikuwa tano tano.

Mpaka alipofika Bi Robo. Alikuwa mwalimu wa hisabati, karibu kustaafu, na jina hilo alipewa na wanafunzi kwa sababu hakuna karatasi iliyopita mikononi mwake bila kukatwa walau robo alama. Nilimkuta akipanga madaftari.

"Mama, ndiyo nini hii? Si tulikubaliana tano?"

"Mlikubaliana nyinyi. Mimi niliangalia somo." Hakuinua hata kichwa. "Umesoma nilichoandika?"

Sikuwa nimesoma, macho yangu yalikuwa yameishia kwenye nyota. Nikafungua tena simu palepale mbele yake. "Somo analijua," alikuwa ameandika, "lakini anazungumza na ubao. Mtoto asiyesikia vizuri, anayefuata midomo ya mwalimu, hapa hana chake."

Shuleni sikuwa nimemwambia mtu yeyote habari za binti yangu. Nilimchukia yule mama. Niliondoka bila kuaga, na njia nzima nilikuwa nikimjibu kwa sauti, watu wakinigeukia.

Zile nyota mbili alizoninyima ndizo zilizoniangusha. Mwezi uliisha, daraja la dhahabu likanipita, na kifaa tulikuja kukinunua mwaka uliofuata kwa mkopo. Lakini kabla mwezi haujaisha nilijaribu bahati yangu mara ya mwisho, kwani tovuti iliruhusu kurekodi upya. Jumamosi mchana niliegemeza simu juu ya rundo la vitabu sebuleni, nikabandika karatasi ya kuchorea kwenye mlango wa kabati, nikaanza kueleza kwa nini nguo hukauka hata kivulini. Shingo ilitaka kugeukia kabati kila dakika. Nikailazimisha itazame mbele. Nilipokuwa nikichora, nilinyamaza. Nilipogeuka, nilisema.

Katikati ya somo binti yangu aliingia, akakaa kwenye kochi nyuma ya simu. Nilitaka kumpungia atoke, pointi zilikuwa zikiniwasha. Nikamwacha.

"Haya," nikaiuliza simu, "nani ataniambia yale maji yamekwenda wapi?"

Binti yangu akanyoosha mkono. Nyumbani, kwenye kochi, akanyoosha mkono juu kabisa kama wafanyavyo darasani.

"Ndiyo," nikasema.

"Yamekwenda hewani." Alikuwa akiitazama midomo yangu, haondoi macho. "Baba, nieleze na kitu kingine."

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.