Mpaka Chuma Kilie

Ijumaa nzima Kemuma alikaa kibarazani na gauni lake la manjano, obokano yake, kinubi kikubwa cha Kikisii, imeegemezwa ukutani, masikio yakiwa barabarani. Gari halikuja. Mvua za Agosti zilikuwa zimeigeuza barabara ya Sotik kuwa uji, na magari yalikuwa yanalala humo kama ng'ombe wagonjwa. Jioni ilipofika, baba yake, mzee Nyamweya, alichukua nondo yake, akapanda ukingo wa mlima wa Manga, akagonga chuma. Sabato ikaingia, na tumaini la Kemuma likatoka.

Chuma chenyewe kilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imefungwa kwa mnyororo kwenye tawi la mti, juu kabisa ya ukingo. Nyumba zao zilikuwa upande wa mashariki, chini, na huko jua hupotea mapema. Manga hulimeza wakati watu wa Kisii mjini bado wanaanika nguo. Mtu wa bondeni hawezi kujua jua limezama kweli au limejificha tu. Kwa hiyo kanisa lilimpa Nyamweya kazi ya kupanda juu, mahali ambapo macho hufika hadi ziwani, alitazame jua likienda. Ijumaa aligonga kuingiza Sabato, Jumamosi aligonga kuiaga. Kati ya mlio na mlio hakuna aliyewasha moto, hakuna aliyechuma chai, hakuna aliyepiga hata mluzi wa kidunia. Watoto wakilia njaa waliambiwa: mpaka chuma kilie.

Landrova ya chuo kikuu ilifika Jumamosi, saa kumi alasiri.

Alishuka mtu mrefu mwenye miwani minene, matope mpaka magotini. Alikuwa Bwana Jeconia Oyoo, Mjaluo mwenye kusimamia mambo ya utamaduni ya wanafunzi huko Nairobi. Nyuma yake alishuka dereva, akapiga teke gurudumu kwa hasira ya siku mbili.

"Kemuma, nisamehe," alisema Oyoo kabla hata ya kuamkia. "Tumelala Sotik ndani ya gari. Haya, lete chombo tukusikie. Saa kumi na mbili na nusu lazima niwe nimeondoka. Kesho asubuhi namsikiliza yule kijana wa Kisumu, mpiga nyatiti. Jumatatu majina yanakwenda Uswidi."

Kemuma alijua hesabu hiyo kwa moyo. Wanafunzi sita wa Kenya walikuwa wamealikwa kwenye tamasha la utamaduni la vyuo vikuu vya dunia, mwezi wa sita mwaka ujao, 1973. Watano walikwisha kuchaguliwa. Nafasi moja ilibaki kati yake na kijana wa Kisumu na nyatiti yake, kinubi cha Wajaluo. Waandaaji hawakutaka ngoma za hotelini. Walitaka kila mmoja asikilizwe kwao, kwa chombo cha kwao. Na yeye alikuwa msichana anayepiga obokano, chombo ambacho watu walisema ni cha wanaume na vilabu vya pombe ya busaa. Ameshachekwa kijijini, ameshachekwa chuoni. Uswidi hawangecheka. Wangesikiliza.

Mzee Nyamweya alitoka ndani na Biblia mkononi, koti limefungwa vifungo vyote.

"Karibu, mgeni. Utakula, utapumzika. Lakini leo binti yangu hapigi."

"Mzee, mimi nimelelewa misheni kule ziwani," alisema Oyoo. "Sabato naijua. Baba yangu alikuwa anaufungia mpira wetu kabatini kuanzia Ijumaa."

"Basi sina la kukueleza."

"Ndiyo maana nakuomba tu, sikuamrishi. Wimbo mmoja."

"Hata nusu."

Kemuma alimtazama baba yake. Alitaka kukasirika, akashindwa, maana alikuwa anakumbuka. Miaka miwili iliyopita, wazee wa kanisa walipokaa kusema chuo kikuu kitamharibu msichana, Nyamweya alisimama peke yake mbele yao. "Mwacheni aende," aliwaambia. "Siku mkisikia ameivunja Sabato, hata moja, nivueni uzee wa kanisa mchana kweupe." Wale wazee walikuwa hai bado, na nyumba zao zilikuwa hapo hapo bondeni. Sauti ya obokano si ya kuficha kwenye kanga. Ni sauti nzito, hutambaa ardhini, huvuka mto na kubisha kwenye milango ya watu.

Na hata angetaka kupiga, chombo kilikuwa kimeharibika. Ijumaa jioni, baba yake mdogo Nyangau, ndiye aliyemfundisha kupiga, aliona gari halikuja akadhani mambo yamekwisha. Akaibeba obokano kwenda nayo kwenye sherehe huko Ikonge, akairudisha leo adhuhuri kwenye manyunyu bila kuifunika. Ngozi ilikuwa imelegea kama shavu la kikongwe. Ngozi ya obokano iliyolowa hukazwa kwa joto la moto, na moto haukuwepo.

"Nilijua hawaji," Nyangau alijitetea, amejikunja penye kona ya ghala. Yeye hakuwa mtu wa kanisa, wala kanisa halikuwa limemkosa sana. "Kumbe wazungu wa Uswidi wana subira kuliko sisi."

"Nyamaza, wewe," alisema Drusilla, mama yake Kemuma. "Umelowesha maisha ya mtoto halafu unachekesha."

Drusilla alimwandalia mgeni ndizi zilizopikwa jana, baridi, na maziwa ya mgando. Alimwongezea kila alipomaliza. Alimwongezea tena. Oyoo alitafuna akiangalia saa, akaangalia sufuria, akaelewa.

"Mama, ukinishibisha mpaka usiku, jua litazama lakini mimi nitakuwa sitembei."

"Kula, baba. Kwetu mgeni haondoki na tumbo tupu."

Ndipo kivuli cha Manga kikashuka. Kilianza kwenye mashina ya migomba, kikapanda ukutani, kikazima rangi ya gauni la Kemuma. Nyangau akaruka.

"Limezama! Haya, mtoto, kaa chini!"

"Limejificha," alisema Nyamweya. "Mungu hayuko nyuma ya mlima, Nyangau, eti asione." Alichukua nondo yake, akaanza kupanda njia ya miguu bila kugeuka nyuma.

Oyoo akasimama, akafuta mikono. "Basi. Pole, Kemuma. Wewe ni hodari, nimekwambia tangu mwanzo, lakini siwezi kuandika jina la mtu ambaye sijamsikia kwao. Watasema nini Nairobi?"

Kemuma aliona yatakavyokuwa. Aliona Landrova ikigeuka, akamwona kijana wa Kisumu akiketi na nyatiti yake kesho asubuhi, jua la kutosha, hakuna wa kumzuia. Kisha akaona kitu kingine. Kutoka hapo kwenda Kisii, na hadi Kisumu, hakukuwa na njia ila moja.

"Barabara yako inapita juu ya ukingo," alisema. "Inapita penye chuma chenyewe. Nipandishe. Huko juu jua linaonekana. Likizama kabla ya saa yako, utanisikia. Lisipozama, nitarudi kwa miguu."

Oyoo aliitazama saa yake. "Ingia."

Nyangau naye akaingia, hakuna aliyemwalika.

Landrova ilipanda kwa gia ya kwanza, ikilia, tope likiruka. Kemuma aliipakata obokano kama mtoto mgonjwa, akaigusa ngozi kwa kiganja. Baridi. Imekufa. Hata jua likizama sasa hivi, alifikiri, nitampigia nini? Lakini sakafu ya gari ilikuwa inamchoma nyayo. Injini ilikuwa imepanda mlima mzima na sasa inatoka mvuke.

Walipofika juu hakungoja mtu. Alitandika kanga yake kwenye boneti, akailaza obokano juu yake, ngozi ikitazama chini.

Mzee Nyamweya, aliyekuwa amesimama chini ya mti akihema, aliyaona hayo. Akakunja uso.

"Na huo si moto?"

"Ni gari la mgeni, Tata. Sikuliwasha mimi," Kemuma alimjibu baba yake.

Mzee aliitia nondo kwapani. Aligeukia magharibi.

Upepo ulikuwa mkali. Chini upande ule, vilima vya Kisii vilikuwa bado na mwanga, na mbali kabisa palikuwa na ziwa, mstari mwembamba kama makali ya panga. Lakini juu ya ziwa lilikuwa limekaa wingu jeusi, pana, na jua lilikuwa ndani yake. Hakuna aliyeliona. Palikuwa na wekundu tu, kama kovu.

Walisubiri. Dereva hakuizima injini. Kemuma aliigeuza obokano, akagonga ngozi kwa kidole, akasikiliza, akairudisha. Nyangau alikaza uzi mmoja baada ya mwingine bila kuuacha ulie, akiuma ulimi. Kwa upande wa mashariki bonde lilikuwa giza tayari, nyumba zimekaa bila moshi, watu wamekaa bila moto, masikio yote yako juu.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema Oyoo.

Mzee alizidi kulitazama wingu.

"Mzee." Sauti ya Oyoo ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya kijana mbele ya baba yake. "Jua halionekani. Limezama, halijazama, nani anajua? Nani ataapa? Piga tu chuma. Mtoto apige dakika tano, aende Ulaya. Mungu hatakosana na wewe kwa ajili ya wingu."

Kemuma alitazama mkono wa baba yake. Mkono uliinua nondo. Uliifikisha usawa wa rimu. Aliuona uso wake pia, akatishika. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuona uso ule ukiomba. Angepiga. Kwa ajili yake angepiga, na bonde zima lingewasha moto kwa uongo wake, na hakuna ambaye angejua isipokuwa wao waliosimama pale. Jumamosi ijayo angepanda tena na nondo ile ile, na ile inayofuata, mpaka afe. Kemuma angekuwa Uswidi akipigiwa makofi.

"Tata," alisema. "Bado."

Nondo ikabaki hewani.

"Bado halijazama, Tata. Ngoja."

"Mtoto una wazimu?" Nyangau alinong'ona. "Nyuzi ziko tayari! Unampa Mjaluo safari yako bure!"

"Mjaluo anakusikia," alisema Oyoo kwa ukavu. Alimtazama Kemuma kwa muda, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Basi umechagua. Barabara ni mbaya na mimi nina ahadi. Kwaherini."

Kemuma alishusha obokano kutoka kwenye boneti. Mlango wa gari ulifungwa. Landrova ikaanza kushuka upande wa Kisii, taa zake nyekundu zikiyumba kwenye kona ya kwanza, ya pili. Hakulia. Alijitanda ile kanga yenye joto la gari, akasema moyoni ni baridi.

Kisha wingu likachanika chini. Kipande cha jua kikatokea, chembamba, chekundu, kimekaa juu ya maji. Kilikuwepo. Wakati wote kilikuwepo. Mzee Nyamweya alitoa sauti ndogo kama mtu aliyeteleza ukingoni mwa shimo akashika mzizi. Walikitazama kikipungua, kikawa ukucha, kikawa cheche, kikaisha.

Mzee alipiga chuma kwa nguvu ambayo Kemuma hakuwahi kuisikia.

"Piga sasa," alimwambia binti yake.

"Kwa nani, Tata? Ameshakwenda."

"Nimesema piga."

Kemuma akaketi juu ya jiwe, akaweka obokano mapajani. Ngozi ilikuwa imekaza. Joto la gari lilikuwa limo ndani bado. Alichagua wimbo wa kale wa mtu aliyesimama ukingoni akimwita ndugu yake ng'ambo ya bonde, ndugu ambaye ameondoka na hasira. Ni wimbo usioweza kupigwa polepole wala kwa aibu. Nyuzi nene zilinguruma, ardhi ikapokea. Kemuma akaimba kwa koo lote, akaimba huku amekasirika, na upande wa mashariki mioto ikaanza kuwaka, nyumba hii, nyumba ile, bonde likafumbua macho.

"Tazama," alisema Nyangau.

Upande wa Kisii, kwenye kona ya tatu, taa nyekundu zilikuwa zimesimama. Hata mngurumo wa injini haukusikika tena.

Kemuma hakuacha. Alipiga mpaka ubeti wa mwisho, na aliponyamaza walisikia mtu anapanda, anateleza, anatukana matope kwa Kijaluo. Bwana Oyoo alitokea kwenye mwanga wa mwisho, viatu mkononi.

"Kijana wa Kisumu atanisubiri kesho mpaka saa nne," alisema akihema. "Nitamsikiliza, maana nimemwahidi. Lakini sitamdanganya kwamba nafasi bado iko, wala leo sijifunzi kudanganya. Chombo kinachosimamisha gari kwenye mteremko sijawahi kukisikia. Jina lako naliandika."

Nyangau alipiga kigelegele kama mwanamke. Kemuma aliinama juu ya nyuzi. Aliushika mkono wa obokano kwa nguvu.

"Ila kuna jambo, mzee," Oyoo aliendelea, na sasa alikuwa anatabasamu kidogo. "Tamasha liko kaskazini kabisa, mwezi wa sita. Huko, mwezi huo, jua halizami. Saa sita usiku liko juu linakutazama. Sasa niambie wewe mwenye chuma. Sabato ya binti yako itaisha lini?"

Mzee Nyamweya alimtazama kuona kama anataniwa. Hakuwa anataniwa. Akageukia ziwa, ambako hapakuwa na kitu tena ila giza, akaigeuza nondo viganjani.

"Atatazama saa," alisema. "Nitampa ile ya mkono, ya kwangu. Aiache na saa za huku, asiiguse. Mimi nitapanda hapa kama kawaida." Alimgeukia Kemuma. "Ikifika saa hii, utajua nimepiga."

"Nitajua, Tata."

"Na kabla ya hapo?"

"Sipigi," alisema Kemuma. "Hata wakinisubiri watu wa dunia nzima."